Mstari wa Jivu wa Gitothua

Dismas ni mwoga. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Mwihoko humsifu kila siku kwamba ana moyo wa chuma, eti ni mtu gani huyu anayeshuka ardhini asubuhi, anatoka jioni akiwa mwekundu kama tofali, kisha anakunywa chai na kwenda zake nyumbani. Mimi ndiye ninayeshika kamba yake na sifa hizo zimenichosha. Kila asubuhi anaposhuka kisimani kamba inatetemeka mikononi mwangu mpaka miguu yake iguse chini, na hata akishafika huendelea kutetemeka kidogo. Nimeizoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha mke wake.

Naitwa Gachau, lakini wengi huniita Baba Emmah. Tulianza kazi pamoja Emmah akiwa chekechea, na sasa ni msichana wa Form Three anayenisahihisha Kiingereza. Kazi yangu ni ya juu. Nazungusha gogo la kamba, napandisha ndoo, namwaga udongo. Asubuhi nateremsha kwanza mshumaa ndani ya mkebe, na ukizimika tunajua hewa ya chini ni mbaya na hakuna mtu wa kushuka. Akivuta kamba mara moja, ndoo ipande. Akivuta mara mbili, nimtoe yeye. Mara tatu ni hatari, na hiyo hatupendi hata kuitaja.

Kuna jambo jingine analolifanya Dismas ambalo sijaona mchimbaji mwingine akilifanya. Kila udongo unapobadilika rangi, hunitumia konzi moja juu ya ndoo, amelifunga kwenye kipande cha gunia. Mimi nalipanga juu ya ubao ulio karibu na mdomo wa shimo, kwa mpangilio ule ule: mwekundu wa juu kwanza, chini yake maramu ya changarawe, chini yake wa kijivu, na kuendelea. Wenye ploti wakiuona ubao huo hudhani ni utaalamu fulani. Ni woga tu. Ukuta wa kisima uliopangika tabaka juu ya tabaka husimama. Lakini konzi likija limechanganyika, mwekundu na kijivu ndani ya ngumi moja, maana yake kuna mtu aliyewahi kuchimba hapo akafukia, na udongo uliofukiwa haushikani tena hata ukae miaka mingapi. Siku ikitokea hivyo Dismas hupanda juu, hukusanya vyombo vyake na kuondoka, mwenye ploti apige kelele anavyotaka.

Sheria hiyo aliijenga juu ya baba yake. Mzee Owino alitoka Siaya kuja kuchimba visima kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru. Namwita mzee kwa heshima, lakini alikuwa na miaka thelathini na sita tu siku kisima kilipomwangukia huko Gitothua. Walikuwa wamechimba mahali palipokuwa na shimo la zamani, udongo ukiwa umechanganyika, na hakuna aliyejali. Wenzake walijaribu kumfikia lakini kila walipochimba kuta zilizidi kuporomoka. Mwishoni mwenye shamba alimwita padri akaomba, kisha akaamuru shimo lifukiwe.

Kule nyumbani walisubiri mwili ambao haukuja. Kwa desturi ya Wajaluo mtu hazikwi ugenini, na mwili ukikosekana kabisa, huzikwa tunda la mwegea mahali pake. Wao huliita yago. Ni tunda refu, zito, la kijivujivu. Walilivisha shati la Owino, wakalilaza kaburini, wakalia. Dismas alikuwa na miaka tisa. Aliambiwa atupe udongo juu ya baba yake akatupa, na aliponisimulia alisema kilichomtisha siku ile ni kwamba tunda lilitoa mlio lilipoguswa na udongo, kama mlango unaobishwa.

Baadaye kahawa iling'olewa, shamba likakatwa ploti, waliojua mahali penyewe wakahama au wakafa. Hakuna aliyeweza kumwonyesha Dismas pahali na kusema ni hapa. Ndipo ukaanza woga wake, na aliniambia siku moja tukila githeri, bila kulewa: anaogopa kwamba siku moja sururu yake itampiga baba yake. Mimi humtania kwa kila kitu, lakini hilo sikulitania.

Kwa hiyo tulichimba Mwihoko, tukachimba Juja na Kimbo, lakini kazi za Gitothua alizikataa zote. Mpaka mwaka huu, alipokuja Mzee Kagwe, mstaafu wa kiwandani Thika, anayejenga vyumba vya kupangisha Gitothua na maji ya mfereji yakija kwake siku yanapojisikia. Nilishafungua mdomo nimwambie hatuwezi. Dismas akanitangulia.

"Tutakuja, mzee."

Kagwe alipoondoka nilimuuliza kama ana homa.

"Nimefika arobaini, Baba Emmah," alisema. "Nimepita umri wa baba na ardhi haijanimeza. Nimechoka kuizunguka hiyo Gitothua kama mbwa aliyefukuzwa."

Ploti ya Kagwe ilipakana na shimo kubwa la kampuni fulani iliyokuwa ikijenga maghorofa yenye maegesho chini ya ardhi. Tingatinga lilikuwa limekata ardhi wima mpaka kina cha watu watatu waliosimama mabegani, kisha mvua zikasimamisha kazi. Sisi tulianza kisima upande wetu wa ukuta. Siku za kwanza mambo yalikwenda sawa. Mwekundu, maramu, halafu mkanda wa kijivu laini, unga mtupu, ambao ndoo zake zilinipigisha chafya. Chini ya huo ukaja udongo wa kahawia uliokaa kama tope lililokauka. Niliupanga kwenye ubao.

Halafu kamba ikaanza kutetemeka katikati ya kazi.

Haikuwa mvuto mmoja wala miwili. Ilitetemeka tu. Niliinama nikamwita, hakujibu. Nilikuwa karibu kupiga mayowe kwa jirani ndipo mvuto ukaja mara mbili. Nilizungusha gogo kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Alipotokeza, uso wake haukuwa na rangi ya mtu. Alikaa chini akafungua mkono, na ndani yake kulikuwa na kipande cha mfupa wa mguu, kirefu kama kiganja changu na kilichovunjika juu ya goti.

"Ni yeye," alisema.

Mimi ni Mkikuyu, na kwetu pia maiti si jambo la kugusagusa. Niliutazama ule mfupa nikiwa nimeweka mikono nyuma.

Kagwe alifika akiwa na thermos ya chai, kwa maana si mtu mbaya. Alipoona mfupa, chai ikasahaulika.

"Tia hiyo kitu kwa gunia tupeleke mtoni," alinong'ona akinitazama mimi. "Mnataka kuniletea CID kwa ploti? Watafunga site, watafunga mpaka mimi."

"Mzee," Dismas alisema bila kuinuka, "ukimpeleka mtoni, utaenda naye."

Ilibidi nisimame katikati yao, nikiomba na kukaripia kwa lugha mbili. Kagwe aliogopa kufungwa, Dismas aliogopa wafu, nami niliwaogopa wote wawili pamoja na lile shimo lililotukodolea macho. Kufikia saa sita majirani walikuwa wamejaa. Mama mmoja aliwavuta watoto wake akisema hewa ya hapo si nzuri. Mwingine akatangaza kwamba amekuwa akisikia mtu akikohoa chini ya choo chake tangu Krismasi. Nikamwambia akamtafutie dawa ya kifua, lakini hata mimi sikucheka.

Polisi walikuja wawili. Walituuliza nani alichimba hapo kabla yetu, nani amepotea, na Dismas kwa ujinga wa ukweli akawaambia kuhusu baba yake. Nilimwona yule mkubwa akimtazama upya. Nchi hii mtu anaweza kwenda kuandikisha habari akabaki ndani. Yule mdogo ndiye aliyetuokoa. Aliugonga mfupa kwa funguo zake, ukalia kama kigae. Akaugonga tena.

"Afande, hii ni kama jiwe," alisema. "Tuite watu wa makumbusho kwanza."

Wakazungushia kisima utepe, wakatuambia tusiende mbali.

Dismas alimpigia mama yake Siaya pale pale, simu ikiwa kwa spika ili nami nisikie. Mama Aoko alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dismas wuoda," alisema, maana yake mwanangu, "mimi nilizika yago. Nililia, nikanyolewa, nikafunga matanga. Ukimleta huyo, kaburi litafunguliwa, na mimi nitakuwa mjane mara ya pili kwa mzee wangu mmoja. Kama huna uhakika, usimguse."

"Na kama ni yeye, Mama?"

Tulisikia akisogeza kiti, akakaa.

"Kama ni yeye, mlete. Yago itampisha."

Daktari Mbithe wa makumbusho alifika kesho yake. Alikuwa Thika na wanafunzi wake, wakitazama miamba kwenye maporomoko ya Chania pale watu wanapopigia picha za harusi, kwa hiyo hakuwa mbali. Ni mwanamke mfupi wa Machakos, mwenye buti zilizochakaa kuliko zangu. Alisalimia kila mtu, akachukua mfupa, akaulamba. Kweli, aliulamba. Kagwe alijishika kichwa. Daktari akasema ulimi hunata kwenye mfupa wa namna hiyo, kisha akaomba ashushwe chini.

Nilimshusha. Kamba yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo lilinishangaza zaidi ya kulamba. Dismas alikaa mbali, mgongo ukiwa kwa kisima, kichwa katikati ya magoti. Daktari alipopanda juu alijipangusa tope, akaona ubao wetu, akachuchumaa karibu na Dismas.

"Ndugu yangu, nimeambiwa unafikiri ni mzazi wako. Pole sana. Naomba nikuulize maneno machache tu. Hii ya kijivu, ulipoipita, ilizunguka shimo lote?"

"Lote."

"Hakuna pahali ilikatika? Hata kidogo?"

"Hapana. Ilikuwa kama mkanda."

"Mfupa uliupata juu yake ama chini?"

"Chini."

Dismas aliinua kichwa akautazama ubao. Mwekundu, maramu, kijivu, kahawia, kila konzi safi mahali pake. Kwa kisima cha mtu mwingine yeyote angelisema jibu akiwa amefumba macho, kwa sababu ndilo jambo alilolifanya kazi ya maisha yake. Lakini woga ulikuwa umemfunika uso tangu jana. Niliona midomo yake ikitembea kabla sauti haijatoka.

"Huwezi kuzika mtu chini ya hiyo bila kuitoboa," alisema.

"Huwezi," alisema Daktari. "Hiyo ni jivu la volkeno. Lilianguka kutoka angani kama mvua, likafunika kila kitu, na tangu siku hiyo hakuna mkono wowote uliolifungua mpaka wako. Huyu aliye chini alikuwa amelala tayari lilipoanguka."

Dismas alicheka sauti moja fupi, halafu akalia. Alilia kwa kwikwi, mtu mzima, mbele ya polisi na mama wa kikohozi na wote. Nilisimama mbele yake wasimwone vizuri, nikawauliza wanaangalia nini.

Siku zilizofuata tulimfanyia kazi Daktari Mbithe, na kazi yake ni ya kuudhi. Badala ya sururu anatumia brashi. Alieleza mambo akiwa kazini, na mimi niliuliza kwa sababu nilitaka kujua nimeogopeshwa na nini. Nilimuuliza atajuaje hilo jivu lina miaka mingapi, kwani lilikuja na cheti cha kuzaliwa? Akanionyesha kiganjani punje ndogo zinazometameta. Akasema punje hizo zilipotoka kwenye moto wa mlima na kupoa, zilianza kufungia gesi kidogo kidogo ndani yake, kwa mwendo usiobadilika. Maabara huzipasua na kupima gesi iliyojaa, kisha hujua zimekuwa zikijaza kwa muda gani. Kwa hiyo jivu lina umri wake, na kilicho chini ya jivu kimelizidi umri, mradi tabaka halijavurugwa.

"Muda gani, Daktari?"

"Ya hapa tutapima. Lakini tayari nakisia, kwa sababu ya huyu." Akafunua turubai. Alikuwa ametoa taya zima, na ndani yake jino kubwa lenye vifundo vifundo. "Huyu ni nguruwe."

Akasema nguruwe wa kale ni rafiki wa watu wa kazi yake. Meno yao yalikuwa yakibadilika, yakirefuka na kuinuka kadiri zama zilivyopita na nyasi zilivyoongezeka, na kila zama ikawa na meno yake. Ukipata jino unajua uko wakati gani, hata kabla ya maabara. Huyu wetu alikisia ana zaidi ya miaka milioni tatu. Mahali pa choo cha yule mama palikuwa ukingo wa ziwa.

Nilijaribu kuifikiria hiyo milioni tatu nikashindwa, na kushindwa kwenyewe kukanitia hofu ya aina nyingine. Tunachimba juu ya vitu vinavyotungoja huko chini bila kutujua. Lakini kwa Dismas nilisema lililo rahisi, nikimwita ndugu kwa Kijaluo.

"Omera, umemlilia nguruwe mbele ya polisi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu kicheko kikamwishia usoni.

"Nilikuwa karibu kumaliza habari ya baba, Baba Emmah," alisema. "Siku ile niliogopa ni yeye. Leo naogopa kwa sababu si yeye. Bado yuko mahali."

Daktari alitaka kujua lile jivu linafika wapi, kwa maana linapofika ndipo pengine pana mifupa zaidi. Akaomba ruhusa kwa mlinzi wa lile shimo kubwa la jirani, tukashuka sote watatu kwa ngazi ya miti. Ukuta uliokatwa na tingatinga ulikuwa umepakwa tope na mvua, haukuonyesha kitu. Nadhani ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuutazama. Alianza kuukwangua kwa mwiko wa fundi, na mstari wa kijivu ukatokea, ule ule wetu, ukiwa umenyooka usawa wa kifua. Alikwangua upande mmoja, Dismas akakwangua mbele yake. Ilikuwa kama kufuata mstari wa rangi kwenye ukuta wa darasa. Nilibeba ndoo ya maji nikinung'unika.

Dismas akasimama.

Mstari ulikuwa umekatika. Ulifika pale ukaisha ghafla, na mbele yake, kwa upana wa kisima na zaidi, ukuta ulikuwa na madoadoa ya kila rangi: mabonge mekundu yamekaa chini kabisa, vipande vya kijivu viko juu, maramu imetawanyika kote. Baada ya hapo mstari uliendelea tena kwa utulivu. Ilikuwa nguzo ya udongo uliochanganyika, kutoka juu kwenye nyasi mpaka miguuni petu na kuendelea chini ya sakafu.

Daktari hakuwa ameelewa bado, alikuwa akitazama kwa macho ya kazi. "Hapa pamechimbwa," alisema. "Na si zamani." Akavuta kwa ncha ya mwiko kitu kilichotokeza ukutani, karatasi ngumu yenye nta, iliyokunjamana. Akanipa nishike.

Niliikunjua na nikaijua kabla sijamaliza. Ilikuwa pakiti ya maziwa ya pembetatu, yale tuliyogawiwa shuleni tukiwa watoto. Tuliyanywa na mdomo ukinuka karatasi. Pakiti hizo zilitoweka kabla hatujamaliza shule ya msingi, na Emmah hata nikimchorea haelewi. Aliyefukia shimo hilo alilifukia watu wakinywa maziwa hayo, si kabla wala baada. Nilimpa Dismas. Yeye pia aliyanywa, kule Siaya, akiwa na miaka ile ile tisa.

Aliishika pakiti kwa mikono miwili. Sikuwa na kamba, lakini niliuhisi mtetemeko, na sijui kama ulikuwa wake au wangu. Miezi yote hiyo tingatinga lilikuwa limesimama hatua chache kutoka kwa baba yake. Nasi tulichimba upande wa pili wa ukuta.

"Daktari," nilisema, kwa sababu yeye hakuweza, "hapa ndipo."

Yaliyofuata yalikuwa ya polisi, ya daktari wa serikali, ya mwenye maghorofa aliyepiga simu nyingi kisha akakubali. Tingatinga liliondoa udongo wa juu mpaka usawa wa sakafu. Zaidi ya hapo mashine isingeenda, maana ingeponda tuliyemtafuta. Ilibaki kazi ya mkono, ndani ya udongo uliochanganyika, ule ambao Dismas hajawahi kukaa ndani yake hata dakika moja. Daktari Mbithe alisimamia mbao zigongomelewe pande zote kama sanduku, zikishuka kadiri shimo linavyoshuka, na akazikagua mwenyewe kila moja.

Dismas akajifunga kamba kiunoni. Nilikataa. Nilimwambia sheria ni yake, si yangu, na kama anataka kufa atafute mtu mwingine wa kumshikia.

"Sheria niliweka kwa sababu yake," alisema. "Baba Emmah, hakuna mwingine naweza kumpa hii kamba. Shika."

Niliwasha mshumaa, nikauteremsha. Haukuzimika, ingawa nilitamani uzimike. Alishuka. Nikalingoja lile tetemeko nililolizoea, nalo halikuja. Kamba ilikuwa tulivu kama kamba ya kuanikia nguo. Aliyetetemeka nilikuwa mimi, mpaka polisi yule mdogo akaweka mkono wake nyuma ya wangu bila kuniuliza. Ndoo zilipanda, udongo wa kila rangi, na kila ubao uliolia nilikufa kidogo. Ubao wetu wa makonzi niliuweka pembeni kwa mazoea tu, hakukuwa na cha kupanga. Niliutazama hata hivyo. Nilifikiri kwamba kina kinadanganya. Huyu tuliyemfuata alikuwa chini kuliko nguruwe, chini ya jivu, chini ya kila konzi, na bado alikuwa mgeni wa juzi kwao wote.

Halafu Dismas akaacha kuchimba. Nilihesabu pumzi zangu nikiomba kwa Kikuyu.

Mvuto ukaja mara moja.

Mara moja ni ndoo. Nilianza kuzungusha gogo, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikutaka ndoo ifike juu. Ilikuwa nyepesi. Ilipotokeza niliona amekifunga alichokitoa kwa shati lake mwenyewe, si kwa gunia, na mafundo ameyafunga mawili. Daktari wa serikali alikuwa ametandaza shuka nyeupe na kupiga magoti. Nilinyoosha mikono, na mikono ikasita hewani.

Sauti ya Dismas ikapanda kutoka chini, bila haraka. Miaka arobaini alikuwa nayo, minne zaidi ya baba yake, mvi zikiwa zimeanza kwenye ndevu.

"Mshike vizuri, Baba Emmah," alisema. "Ni kijana tu."